Kriketi ya usiku wa baridi, kwa sisi tulioko Uingereza

Kila Desemba ndugu waliohamia karibuni huniuliza kriketi inaonyeshwa chaneli gani. Mimi huwauliza kwanza: kesho unaingia kazini saa ngapi?

Msimu wa hapa hufungwa mwishoni mwa Septemba. Baada ya hapo mchezo unahamia kwenye jua la wenzetu, na shida kubwa inabaki kuwa saa. Chukua mechi ya Boxing Day (siku ya pili ya Krismasi) kule Melbourne, Australia. Inaanza tarehe 26, saa nne na nusu asubuhi kwao, ila hapa bado ni tarehe 25, saa tano na nusu usiku, masufuria ya pilau ya Krismasi yakiwa hayajaoshwa. Mwaka wangu wa kwanza nilitega kengele usiku wa tarehe 26. Nikawasha redio nikijua nafungua mechi, kumbe siku nzima ya kwanza ilishapita.

Siku ya Test, yaani mechi ya hadi siku tano kama hiyo, ina vipindi vitatu vya saa mbili mbili, katikati mapumziko ya dakika 40 ya chakula na dakika 20 ya chai. Kwa hiyo Melbourne kipindi cha kwanza kinaisha saa saba na nusu usiku wetu, na cha tatu kinaanza saa kumi na nusu alfajiri. Usijaribu vyote. Nimeona watu wakifika zamu ya asubuhi kama waliotoka matangani. Mimi hulala saa tatu, naamka kwa kipindi cha mwisho: wapigaji wamechoka au wamekomaa, nami nina chai ya tangawizi na basi la kuwahi.

Angalia mji pia. Brisbane, nayo ya Australia, hawasogezi saa mbele wakati wa kiangazi, hivyo siku inayoanza saa nne kamili kwao ni saa sita kamili usiku kwetu. Perth iko mbali zaidi magharibi: Novemba 2025 mechi ya kwanza ya Ashes (mashindano ya Uingereza na Australia) ilianza hapa saa nane na dakika 20 usiku. Iliisha kwa siku mbili tu, kwa hiyo usiombe likizo kwa ajili ya siku ya tano.

India huanza saa kumi alfajiri, inamfaa mtu wa zamu ya usiku anayemalizia. Visiwa vya Karibi ni mchana hadi jioni, raha tupu. Afrika Kusini ndiyo tamu kuliko zote, maana huanza mnamo saa mbili asubuhi na tunapishana nayo saa mbili tu; unaweza kumpigia shangazi Nairobi mkabishana kuhusu uamuzi wa refa papo hapo.

Kuhusu malipo: haki za matangazo hubadilika kutoka ziara moja (mfululizo wa mechi za timu ikiwa ugenini) hadi nyingine. Hakikisha nani anayo ziara unayoitaka, kisha lipa kwa mwezi, si kwa mwaka. Kumbuka leseni ya televisheni inahitajika hata ukitazama mechi mubashara kwenye simu. Redio haihitaji leseni, na kwa kriketi ya usiku naona inaishinda picha: kisikizi sikio moja, taa imezimwa, mwenzako hasumbuki.

Kama unaishi Leicester, tafuta wazee waliotoka Kenya na Uganda. Wengi watakusimulia baridi ya 2003, Kenya ilipoifunga Sri Lanka pale uwanja wa Nairobi Gymkhana kwa mikimbio (alama) 53, Collins Obuya akiangusha wiketi tano, yaani akiwatoa wapigaji watano, kisha ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kutazama nao ni bora kuliko kukaa peke yako na blanketi, ingawa kila mpigaji wa leo watamlinganisha na Steve Tikolo, nahodha wa Kenya ile, na kumwona hafai.

Jambo la mwisho ni kundi la WhatsApp la familia. Mjomba wangu wa Mombasa huamka kwa swala ya alfajiri, kwake saa kumi na moja, kwangu saa nane ya usiku, na kabla hajatawadha ameshatuma idadi ya wiketi zilizoanguka. Nimemnyamazisha hadi tarehe 30. Hajui.