Barolo: usiihukumu kwa rangi

Ukimiminiwa Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, usiidharau kwa wepesi wa rangi yake. Zabibu zake, aina ya Nebbiolo, zinazolimwa kwenye vilima vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, hutoa mvinyo usiokolea, na ukizeeka ukingo wake huwa na rangi ya tofali. Haujaharibika.

Nusa kabla ya kuzungusha glasi, kisha zungusha unuse tena. Waridi, cheri, lami kwa mbali: hayo ni ya zabibu. Vanila, karafuu, mbao iliyochomwa: hayo yametoka kwenye pipa la mwaloni. Sheria inadai Barolo ikomazwe angalau miezi 38, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao, lakini ukubwa wa pipa ni hiari ya mtengenezaji. Pipa jipya la lita 225 huacha harufu nyingi. Yale makubwa ya kizamani, ya maelfu ya lita, huacha kidogo sana. Mimi vanila ikinipokea kabla ya harufu ya tunda, nakata alama.

Mdomoni utakutana na ukakasi, kama wa chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye majani. Usikimbie. Meza, halafu subiri: ukakasi ukibaki peke yake na ladha ya tunda imeshatoweka, mvinyo umepungukiwa, vikififia pamoja polepole, chupa hiyo ni nzuri. Onja tena na kipande cha nyama au jibini, ukakasi utalainika.

Ah, na usiunywe moja kwa moja kutoka kwenye friji. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Ubaridi huukaza ukakasi na kuificha harufu.