Namna ya Kuandaa Utafiti wa Uainishaji wa Ndege wa Milimani na Kuutafutia Fedha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili, au mtafiti kijana, anayetaka kuchunguza kama ndege wa kilele kimoja na ndugu zao wa kilele cha pili ni spishi moja au mbili, na ambaye bado hajajua gharama za kazi hiyo zitatoka wapi. Mifano mingi imetolewa katika Milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania, kwa kuwa huko swali la namna hii limeulizwa mara nyingi na kujibiwa kwa uangalifu.

Swali dogo, lenye mwisho

Kosa linaloua maandiko mengi ya miradi hutokea katika sentensi ya kwanza. Mwombaji anayeandika kwamba anataka "kuchunguza mageuko ya ndege wa Udzungwa" hajauliza swali, na msomaji wa andiko lake hawezi kujua kazi hiyo itakuwa imekamilika lini. Tafuta swali ambalo jibu lake ni ndiyo au siyo, kisha ueleze ni ushahidi gani utakaokulazimisha kukubali kila mojawapo ya majibu hayo.

Historia ya kwale wa msitu wa Udzungwa inafundisha vizuri jinsi ya kulipunguza swali. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walimgundua ndege huyo katika misitu ya Udzungwa, na inasimuliwa kwamba dalili ya kwanza ilikuwa miguu ya ajabu iliyoonekana ndani ya chungu cha kitoweo kambini. Mwaka 1994 alipewa jina la kisayansi, Xenoperdix udzungwensis, na ikabidi iundwe jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) mpya kwa ajili yake, kwa maana jamaa zake wa karibu si kwale wa Afrika bali ni wale wa misitu ya milima ya Asia. Baadaye kwale wanaofanana naye walipatikana katika milima ya Rubeho. Mwaka 2003 Jon Fjeldså na Jacob Kiure waliwaeleza kuwa spishi ndogo, yaani tawi ndani ya spishi ileile, obscuratus, na mwaka 2005 Rauri Bowie na Fjeldså, baada ya kulinganisha jeni na maumbile, walipendekeza wahesabiwe kuwa spishi kamili. Swali la kwanza, yaani ndege huyu ni nani na asili yake ni wapi, lilihitaji msafara mkubwa na bahati. Swali la pili, yaani kama ndege wa Rubeho ni yuleyule wa Udzungwa, lina mipaka iliyo wazi, na ni la aina ambayo mwanafunzi mwenye ruzuku ndogo anaweza kulimudu.

Makumbusho kabla ya msitu

Kabla ya kununua wavu hata mmoja, waandikie watunzaji wa makusanyo ya ndege. Vielelezo, yaani ndege waliohifadhiwa, vya Tao la Mashariki vimetawanyika: vingine viko Nairobi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, vingine Copenhagen, vingine Tring nchini Uingereza, na vingine katika makumbusho ya Marekani. Omba orodha ya vielelezo vya ndege unayemchunguza, ukitaka kujua mahali kila kimoja kilipokusanywa, tarehe, jinsia, na kama kuna tishu zilizohifadhiwa kwenye friji. Si jambo la ajabu kugundua kwamba nusu ya sampuli unazozihitaji zimekwisha kukusanywa zamani, na barua hiyo haigharimu chochote.

Ngozi kavu za zamani nazo zinatoa DNA. Kipande kidogo kinachokatwa kwenye unyayo wa kidole cha ndege aliyekufa miaka mingi iliyopita kinatosha, ingawa DNA yake huwa imevunjika vipande vifupi na lazima ishughulikiwe katika maabara iliyotengwa, ambamo damu mpya ya ndege haiingizwi, ili isichafuliwe. Watunzaji huombwa vipande hivyo mara kwa mara na wana haki ya kukataa, kwa sababu kila mkato hupunguza kielelezo. Kwa hiyo eleza katika ombi lako ni kwa nini damu mpya haiwezi kutosha.

Kukusanya ushahidi

Ndege wana neema moja ambayo mamalia hawana: chembe nyekundu za damu yao zina kiini, na kwa hiyo tone dogo la damu linabeba DNA nyingi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kutotoa damu inayozidi asilimia 1 ya uzito wa ndege. Chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, mwenye gramu 8 atatoa basi si zaidi ya mikrolita 80, nawe kwa kazi ya kawaida utahitaji chini ya hapo. Damu ikiwekwa kwenye ethanoli au kwenye karatasi maalumu hukaa vizuri bila friji, jambo linalopunguza sana gharama za kambi iliyo mbali na barabara. Anayetaka kusoma jenomu nzima kwa ubora wa juu atahitaji tishu zilizogandishwa, na hapo naitrojeni ya kimiminika itaingia kwenye bajeti pamoja na usumbufu wa kuibeba mlimani.

Panga sampuli zako kwa vilele, usizipange kwa wingi. Ndege 6 kutoka kila kilele kati ya vilele vitano watakufundisha zaidi kuliko ndege 30 wa kilele kimoja, kwani aliyepima ncha mbili tu za eneo hawezi kujua kama kati yake kuna pengo la kweli au mabadiliko ya polepole. Usitegemee pia DNA ya mitokondria peke yake. Hiyo hurithiwa kutoka kwa mama, ni rahisi kuisoma, na imezaa matokeo mengi mazuri, lakini inasimulia historia ya upande mmoja wa ukoo, na mahali ambapo jamii mbili ziliwahi kuzaliana inaweza kupotosha mti mzima wa nasaba. Ongeza sehemu kadhaa za DNA ya kiini.

Kwa machozi wenye mikanda miwili kifuani, ambao wamegawanyika kutoka mlima hadi mlima, kazi iliyochapishwa na Bowie na wenzake mwaka 2004 ilionyesha faida ya njia hii: chozi wa Moreau, ambaye kuna waliomdhania kuwa chotara, alionekana kuwa na ukoo wake mwenyewe. Watafiti waliofuata walirekodi nyimbo za kundi hilohilo, na hapo tahadhari inahitajika. Chozi hujifunza wimbo kwa kuwasikiliza wenzake, na kwa hiyo tofauti ya nyimbo kati ya milima miwili inaweza kuwa desturi tu ya mahali, ilhali sauti ya bundi au ya kwale ni ya kuzaliwa nayo na ina uzito mkubwa zaidi katika uainishaji. Kipimo bora ni kumchezea ndege wa mlima huu wimbo wa mlima ule na kuandika anavyoitikia.

Je, ni lazima kuua ndege? Mfano wa Somalia unastahili kukumbukwa. Mwaka 1989 ndege mmoja wa ajabu wa aina ya tiva alinaswa huko Bulo Burti. Wataalamu walichukua damu na manyoya, wakamwachia huru mwaka 1990, na mwaka 1991 wakamweleza kuwa spishi mpya kwa jina la Laniarius liberatus, yaani aliyeachwa huru. Mwaka 2008 uchunguzi mpana zaidi wa jeni ulionyesha kwamba alikuwa tiva wa spishi inayojulikana, mwenye rangi isiyo ya kawaida. Wapo wanaosoma kisa hiki kama aibu. Kwa maoni yangu kinaonyesha kwamba ushahidi uliohifadhiwa unaweza kuwasahihisha hata wataalamu, na kwamba ndege mmoja hatoshi kuwa msingi wa spishi. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka, tangu mwaka 2000, kila spishi mpya itajiwe waziwazi kielelezo chake cha msingi, yaani kile ambacho jina linafungwa nacho. Ukitarajia kutoa jina jipya, zungumza mapema na makumbusho itakayokitunza kielelezo hicho, na uombe idadi ndogo kabisa inayoweza kutetewa.

Vibali huchukua miezi

Nchini Tanzania utafiti wa wanyamapori hupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Ndani ya hifadhi ya taifa utahitaji ridhaa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na ndani ya hifadhi ya mazingira asilia ridhaa ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mgeni huongezewa kibali cha ukaazi na sharti la kuwa na mshirika wa ndani. Nchini Kenya milango ni NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Makumbusho ya Taifa. Kupeleka sampuli nje ya nchi ni jambo jingine tena, kwa sababu Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inadai makubaliano ya maandishi kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida. Kama ndege wako ni bundi au kipanga, ongeza na kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Fedha

Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu kuu ni kwamba karibu hakuna anayefadhili uainishaji kwa jina lake. Fedha zipo, ila zimevikwa majina mengine: uhifadhi, mageuko, mafunzo, makusanyo. Mwandishi mwaminifu hapaswi kuubadilisha utafiti wake ili umfurahishe mfadhili. Anachopaswa kufanya ni kumwonyesha kila mfadhili ule upande wa kazi unaomhusu kweli.

Kwa wafadhili wa uhifadhi, kama Rufford Foundation ya Uingereza na African Bird Club, hoja ni nyepesi kuieleza. Orodha Nyekundu, ile ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hupima hatari ya spishi kwa kufuata orodha ya spishi zinazotambuliwa, na kwa hiyo jamii ya ndege iliyofichwa chini ya jina la spishi nyingine haionekani hata ikiwa imebaki kwenye msitu mmoja. Mfano ulio tayari ni ndege mdogo wa Winifred, anayejulikana katika milima ya Uluguru na aliyepewa jina la mke wa Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara. Mwaka 2009 uchunguzi wa jeni wa Bowie, Fjeldså na Kiure ulionyesha kwamba ndege wa Rubeho na Ukaguru ni wa ukoo tofauti, na makala hiyohiyo ikawatambulisha kuwa spishi mpya iliyo hatarini. Mfadhili wa uhifadhi anaposoma habari kama hiyo hahitaji kushawishiwa zaidi, mradi umwambie ni ofisi gani ya msitu itakayotumia matokeo yako na kwa jambo gani.

Kwa safari za makumbusho na gharama za maabara, tazama mifuko ya fani yenyewe. Mfuko wa utafiti wa sistematiki (elimu ya uainishaji na nasaba za viumbe) unaoendeshwa kwa pamoja na Linnean Society na Systematics Association ya Uingereza hutoa kiasi kidogo kwa kazi za namna hii, na American Museum of Natural History ya New York imekuwa na Mfuko wa Kumbukumbu ya Frank M. Chapman kwa wanaotafiti ndege. Nyumbani kuna MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, chini ya COSTECH, na Kenya ina mfuko wake wa taifa wa utafiti. Ruzuku kubwa, kama zile za National Science Foundation ya Marekani, hupitia taasisi ya Marekani, na kwa hiyo utazifikia kwa kushirikiana. Ukiingia katika ushirikiano huo, kubalianeni kwa maandishi, kabla fedha hazijafika, nani atahifadhi sampuli, nani atasoma DNA na nani atakuwa mwandishi wa kwanza. Sampuli zikishasafiri, nguvu ya kudai imesafiri nazo.

Bajeti iandikwe kwa kufuata njia ya sampuli moja, kuanzia wavu hadi makala: posho za wapagazi na askari wa msitu, mafuta ya gari, ada za vibali, ethanoli, kutoa DNA, kuisoma, kusafirisha, na ada ya uchapishaji, ambayo majarida mengi huisamehe kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini ikiombwa mapema. Uliza pia chuo chako kinakata asilimia ngapi, na kama mfadhili anaruhusu makato hayo, kwa sababu wengine hawaruhusu. Kumbuka kwamba ndege wengi wa milima hii huimba na kuzaliana kati ya Septemba na Desemba. Fedha zikiingia Machi, masika yatakuwa yameanza, barabara zitakuwa tope na ndege watakuwa kimya. Omba muda wa miezi 18 hata kama kazi ya msituni ni ya wiki chache.

Usimwahidi mfadhili spishi mpya. Ahidi jibu, na ueleze kwamba jibu la "ni spishi moja" nalo litachapishwa.

Baada ya matokeo

Mifuatano ya DNA iwekwe kwenye hifadhidata ya GenBank, rekodi za sauti kwenye tovuti ya xeno-canto, na namba za vielelezo ziandikwe ndani ya makala ili mwingine aweze kuzirudia hatua zako. Jina jipya likitoka katika jarida la mtandaoni pekee, hakikisha limesajiliwa ZooBank, rejesta rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, la sivyo halihesabiki. Kuchapisha hakumaanishi kukubaliwa. Kwa miaka mingi orodha kuu za ndege wa dunia zilitofautiana kuhusu mipaka ya spishi, hadi mwaka 2025 ilipotolewa AviList, orodha ya pamoja yenye spishi 11,131, na mapendekezo mapya hupimwa na kamati yake. Ripoti ya mfadhili iandikwe kwa tarehe iliyotajwa kwenye mkataba, ikiwa na stakabadhi zote, kwani mifuko kadhaa midogo hutoa ruzuku ya pili kwa yule tu aliyefunga vizuri hesabu za ile ya kwanza. Nakala ya matokeo, kwa Kiswahili na isiyozidi kurasa mbili, ipelekwe kwa mhifadhi wa msitu na serikali za vijiji vilivyotoa wapagazi.