Kuhama kutoka Android kwenda iPhone: mwongozo wa hatua kwa hatua

Watu wengi wanaoniletea iPhone mpya hapa Mwembe Tayari, Mombasa, huwa na lalamiko moja, kwamba simu ni nzuri lakini mazungumzo ya WhatsApp hayaonekani na menyu ya M-Pesa imetoweka. Karibu kila mara chanzo huwa ni haraka: simu mpya iliwashwa, hatua za mwanzo zikarukwa, na ile ya zamani ikauzwa kabla ya kuhakikisha kwamba kila kitu kimefika. Mwongozo huu unafuata utaratibu ninaoutumia kazini, nami nakusihi usiupangue.

Kabla ya kuanza: laini na akaunti

iPhone 14 na zilizofuata zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM pekee, yaani laini ya kielektroniki isiyo na kadi ya kuchomeka. Ikiwa simu yako imeletwa na jamaa aliyeko huko, nenda kwanza na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni yako ya simu ubadilishiwe laini. Wenye Safaricom na Airtel katika simu moja wajue pia kwamba iPhone nyingi zilizotoka tangu mwaka 2018 hubeba kadi moja tu, na laini ya pili huwa ni eSIM. Kama simu ni ya mkono wa pili, usitoe pesa kabla aliyekuuzia hajaondoa akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, kwa sababu simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haifunguliwi na fundi mwaminifu yeyote.

Hatua ya 1: Kuhamisha data

Chomeka simu zote mbili kwenye chaji na uziunganishe na Wi-Fi. Kwenye Android, pakua programu ya Move to iOS kutoka Play Store na usasishe WhatsApp. Washa iPhone, na inapokuuliza unataka kuhamisha data kutoka wapi, chagua Android. Itakuonyesha namba ya siri ya tarakimu sita au kumi, ambayo utaiandika kwenye simu ya zamani.

Hapa ndipo watu huharibu kazi. iPhone hujitengenezea mtandao wake wa muda wa Wi-Fi, na Android huenda ikalalamika kwamba intaneti ni dhaifu. Puuza ujumbe huo. Usipokee simu wala kufungua programu nyingine, kwa maana Move to iOS ikiondoka mbele ya skrini uhamisho unaweza kukatika. Hata Android ikitangaza kwamba imemaliza, zisubiri zote mbili hadi mstari wa iPhone ujae.

Hatua ya 2: WhatsApp

Nakala za WhatsApp za Android hukaa Google Drive, na iPhone haiwezi kuzisoma kwa sababu yenyewe hutumia iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Ndiyo maana WhatsApp huchaguliwa ndani ya Move to iOS, wakati ule ule wa uhamisho. Ukishamaliza, pakua WhatsApp kwenye iPhone na ujisajili kwa namba ile ile. Aliyekwisha kuanza kuitumia iPhone bila kupitia hatua hii atalazimika kuifuta yote na kuanza upya. Ni usumbufu, lakini ni nafuu kuliko kupoteza picha za familia na sauti za wazee.

Hatua ya 3: Pesa

Pesa zako za M-Pesa zimefungamana na laini, si na simu, kwa hiyo usiwe na hofu. Menyu uliyoizoea iko ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu, kwenye kipengele cha programu za laini. Njia rahisi zaidi ni kupiga *334#. Programu za benki zitataka zisajiliwe upya, na namba za uthibitisho zitakuja kwa ujumbe mfupi, basi laini iwe tayari ndani ya iPhone.

Hatua ya 4: Vidole na bando

Kitufe cha kurudi nyuma hakipo. Telezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto kuelekea kulia. Kutoka chini kwenda juu kunakurudisha mwanzo. Baada ya siku chache vidole huzoea.

Jambo la kulitazama kwa makini zaidi ni bando. iPhone ina kipengele kinachohamia kwenye data ya simu kila Wi-Fi inapolegea, tena kimewashwa tangu kiwandani. Kizime, kipo mwisho kabisa wa mipangilio ya mtandao wa simu. Vilevile, kuwasha iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple, hutuma ujumbe mfupi wa kimyakimya unaoweza kukatwa kwenye salio lako.

Apple inapendekeza simu itumike mahali pasipozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Kwa joto letu la Machi, simu iliyoachwa juani kwenye dashibodi inaweza kusimamisha chaji hadi ipoe. Hiyo si hitilafu.

Hatua ya 5: Simu ya zamani

Baki nayo kwa wiki mbili hivi. Fungua picha, majina na kila programu ya benki kwenye iPhone uhakikishe. Ukiridhika, ondoa kwanza akaunti ya Google kwenye Android, kisha ndipo ufute data yote. Ukikosea mpangilio huo, simu inaweza kuendelea kudai nenosiri lako mikononi mwa atakayeinunua.