Sarafu ina kasoro ya kiwandani au imechezewa? Namna ya kupambanua

Kasoro ya kweli huzaliwa kiwandani: ama kisahani cha chuma (kile kiduara kitupu kisicho na picha bado) kilikuwa na dosari kabla ya kupigwa chapa, ama chapa yenyewe ilikuwa na dosari, ama mashine ilikosea wakati wa kupiga. Kinachoipata sarafu baada ya hapo, iwe tupa, keekee, asidi au gurudumu la lori, ni uharibifu tu, hata ukipendeza. Kwa hiyo unapokagua, unatafuta kipi kilitangulia: dosari au chapa.

Uwe na mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku, na sarafu nzima ya aina na mwaka uleule ya kulinganishia. Hii ya mwisho wengi huisahau, nayo ndiyo yenye msaada kuliko zote. Na usiisugue sarafu kwa ndimu au majivu kabla ya kuitazama. Mkato mpya hung'aa kuliko uso uliozeeka, na ukishaing'arisha yote umefuta ushahidi.

Tuanze na ndururu, yaani senti 5, na jamaa zake. Senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni zilikuwa na tundu katikati, na tundu hilo lilitobolewa kwenye kisahani kabla hakijapigwa chapa. Kama lilikwenda upande tangu kiwandani, shinikizo la chapa liliibana midomo yake. Kwa lenzi utaiona laini, imeviringana, na herufi iliyo jirani imevutika kidogo kuelekea tundu, maana chuma kilipata pa kukimbilia. Tundu la keekee huikata herufi wima bila kuivuta, huacha mistari ya mzunguko kwenye ukuta wake, na mara nyingi vijinywele vya chuma upande ilikotokea ncha.

Isiyo na tundu kabisa inahitaji subira zaidi. Inapaswa kuwa nzito kidogo kuliko mwenzake, kwa kuwa ile shaba ya katikati haikutoka. Lakini tundu lililozibwa nalo huongeza uzito, kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Inamishe sarafu chini ya taa ya pembeni utafute mstari wa duara katikati, au rangi inayobadilika ghafla penye lehemu.

Sarafu yenye pengo ukingoni, kama iliyong'atwa, hughushiwa sana kwa sababu ni rahisi: msumeno na tupa vinatosha. Ya kweli hutokea kikataji kinapoangukia mahali ambapo kisahani kingine kimeshatolewa. Kwa hiyo mpindo wa pengo hulingana na mpindo wa sarafu yenyewe, na maandishi yaliyo karibu nalo hufifia taratibu. Kisha tazama ukingo ulio mkabala na pengo, mara nyingi utakuta umelegea au haupo. Mashine ya kuinua ukingo hubana kisahani kutoka pande mbili, na penye pengo hapana cha kubana, basi upande wa pili nao hukosa shinikizo. Wakusanyaji huita hali hii athari ya Blakesley. Isipokuwepo, usihukumu papo hapo. Ikiwepo, ni ushahidi mzito.

Mfano maarufu wa kuchezea metali ni senti ya Marekani ya 1943. Mwaka ule wa vita zilitengenezwa kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki, gramu 2.70. Chache sana zilipigwa kwa makosa kwenye visahani vya shaba nyeusi vilivyobaki, gramu 3.11. Ukipata ya 1943 yenye rangi ya shaba, weka sumaku: ikinasa, ni chuma kilichochovywa shaba. Isiponasa, soma mwaka kwa lenzi, kwani wajanja hukata tarakimu 8 ya 1948 iwe 3. Kwenye senti halisi ya 1943, mkia wa 3 ni mrefu na hushuka chini ya tarakimu nyingine.

Ukikuta picha ya sarafu nyingine imezama kinyume kama kwenye kioo, angalia kama chini yake pana picha ya kawaida iliyopondeka. Ikiwepo, sarafu mbili zilibanwa pamoja kwenye jiriwa. Kiwandani, sarafu iliyonasa kwenye chapa huukandamiza uso wa kisahani ambao bado ni mtupu, kwa hiyo picha ya pili haina pa kutoka.

Sarafu ya vichwa viwili karibu kila mara ni ya wafanya mazingaombwe: moja imechongwa ndani, nyingine imepachikwa. Pitisha ukucha ndani ya ukingo, utahisi mshono. Idondoshe mezani, italia kwa sauti iliyokufa.

Kwa robo dola ya Marekani yenye uso mmoja mwekundu, mizani inatosha kuanzia. Ya kawaida ni gramu 5.67. Ni shaba iliyofunikwa tabaka jeupe kila upande, na iliyokosa tabaka moja tangu kiwandani hukaa karibu na 4.7. Ikisoma 5.67 au zaidi, huenda imechovywa shaba. Ikiwa nyepesi lakini herufi zimekonda na kipenyo kimepungua, ililazwa kwenye asidi.