Andalio la somo kwa mwalimu mgeni: anza na swali la mwisho

Tangu walimu wa mazoezi waje shuleni kwetu, jioni zangu zinaishia kwenye maandalio yao. Karibu wote wanaandika kuanzia juu kushuka chini: tarehe, mada, lengo, zana. Wakifika kwenye upimaji wameshachoka, wanaandika "maswali ya papo kwa papo" na kufunga daftari. Mimi naandaa kinyume. Mfano wangu ni Hisabati, darasa la Nne: kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) sawa.

Hatua ya 1. Weka mezani azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) na muhtasari wa somo. Hakikisha muhtasari ni wa mtaala unaotumika kwenye darasa lako, maana mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 na madarasa hayakuhamia yote kwa mpigo. Madesa ya zamani bado yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Hatua ya 2. Jaza taarifa za juu, kwa peni, kwenye daftari. Vishikwambi tulivyogawiwa baada ya sensa ya 2022 vinafaa sana kusomea vitabu. Andalio la kunakili na kubandika, hata hivyo, halikai kichwani. Idadi ya waliohudhuria iache wazi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo utumie muda wako. Kabla hujaandika lengo, tunga swali moja ambalo kila mwanafunzi atalijibu peke yake mwishoni mwa kipindi. Langu ni 2/7 + 3/7. Sasa jiulize mtoto atakosea wapi. Wengi watakuletea 5/14, kwa sababu wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili. Kosa hilo ndilo unaloenda kufundisha, na lengo linajiandika lenyewe: "Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili sawa." Usiandike "aelewe" wala "ajue". Kuelewa hakuonekani kwenye daftari la mtoto. Kujumlisha, kuchora, kubainisha na kupanga kunaonekana.

Namba nazo zina mitego. Ukiuliza 1/2 + 1/2, mtoto atajibu 1 kwa kuwa anajua nusu mbili za chungwa ni chungwa zima, nawe hujapima kitu. Ukiuliza 3/8 + 1/8 unapata 4/8, mara mmoja anauliza kama ni nusu, na umeingia kwenye kurahisisha, ambalo ni somo la siku nyingine. Chagua swali ambalo jibu la kukosea linajitokeza waziwazi. Kwenye darasa la watoto 90 huwezi kusahihisha kila hatua, lakini unaweza kupita kati ya madawati ukiangalia namba ya chini tu: 7 au 14.

Kwa mwalimu wa Kiswahili ni vilevile. Usiulize "ngeli ni nini?", watakukaririshia. Waandikie "Viti imevunjika" waisahihishe.

Kama andalio lako linadai umahiri mahususi (kile hasa mwanafunzi anachotakiwa kuweza kufanya) badala ya lengo, swali bado linatangulia.

Hatua ya 4. Zana. Mimi si mpenzi wa bango kitita la kununua. Wa dawati la nyuma halioni. Chukua karatasi za mitihani ya zamani zilizo wazi upande mmoja, kila mtoto akunje yake mara tatu apate vipande 8, apake rangi 2, kisha 3. Ameona mwenyewe kwamba vipande bado ni 8. Saba haikunjiki kirahisi, na ndiyo maana nimeiweka kwenye swali la mwisho: hawezi kuiga alichofanya kwenye karatasi.

Hatua ya 5. Gawa dakika 40. Kugawa karatasi nako kunakula dakika, kuandike. Safu ya vitendo vya mwanafunzi ikijaa "kusikiliza", rudi hatua ya 4.

Hatua ya 6. Tathmini ijazwe baada ya kipindi. Ile "asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa" iliyoandikwa usiku wa kuamkia somo, mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) anaijua hata kabla hajafungua ukurasa. Andika ulichokiona: "Wanafunzi 23 wamejumlisha asili. Kesho naanza nao kwa karatasi, wengine wafanye zoezi la kitabuni."