Mlima uko wapi? Jinsi ya kusoma volkano za Ngorongoro kwa macho yako

Wageni wangu wakishuka garini pale ukingoni mwa kreta, huinua darubini kutafuta faru. Nawaacha kidogo, kisha nawauliza: mlima uko wapi? Wengi hutazama huku na huku, wakaonyesha kidole Oldeani au Lemagrut. Hakuna anayeonyesha hewani, na jibu liko hewani.

Nimeongoza watu katika nyanda hizi kwa miaka 14. Ninayoyaandika hapa ni yale ninayomfundisha kijana anayeanza kazi hii, ila yanamfaa yeyote anayekuja. Beba vitu vitatu: sumaku ndogo kama zile za spika mbovu, mfuko laini wa plastiki, na tochi. Nyundo iache nyumbani. Humu huruhusiwi kuvunja wala kuondoka na jiwe, hata dogo la ukumbusho.

Anza ukingoni, na usiende alfajiri. Mwezi wa sita hadi wa nane ukungu hufunika kila kitu asubuhi, kwa hiyo subiri mpaka saa nne hivi. Ukipata mwanga, lipe kreta mgongo kwanza. Tazama miteremko ya nje inavyopanda kuja ulipo. Geuka sasa, nyoosha mikono yote miwili, uifuate miteremko ile ya pande zote kuelekea juu, kana kwamba haikukatika, hadi viganja vikutane. Vinapokutana ndipo kilele kilipokuwa. Wanajiolojia hukadiria kuwa mlima huo ulifika kati ya mita 4,500 na 5,800. Leo ukingo uko kwenye mita 2,300 hivi, na chini yako kuna shimo la upana wa kilomita 19 na kina cha mita 600.

Miaka yangu mitatu ya mwanzo niliwaambia wageni kwamba kilele kilirushwa angani kwa mlipuko mmoja. Nilikosea, na bado naumia nikikumbuka ni wangapi waliondoka na maneno yale. Mlima haukurushwa, ulididimia. Fikiria nyumba ya udongo iliyong'olewa nguzo za ndani: paa linashuka lote kwa pamoja, kuta zinabaki zimesimama. Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, iliyokuwa imejaa chini ya mlima ilitoka, chumba kikabaki kitupu, na kilele kikazama humo. Hayo yalitokea takriban miaka milioni 2 iliyopita. Ushahidi unauona kwa macho: kuta zina mteremko mkali kuzunguka pande zote, na sakafu ni tambarare. Shimo la namna hii jina lake sahihi ni kaldera. Sisi tunasema kreta kwa mazoea, nami sitakukataza, ila ujue tofauti. Vilima vidogo vya sakafuni, kama Engitati, ni volkano changa zilizochomoza baadaye ndani ya shimo lenyewe.

Ukishaielewa Ngorongoro, nenda Olmoti. Unapitia Nainokanoka, unachukua askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, halafu unapanda kwa miguu. Watu huisifu Empakaai wakaipita hii, nami naona wanakosa somo zuri kuliko yote. Olmoti ni sahani pana ya nyasi, haina kina. Mto Munge unakusanya maji yake humo, unapenya penye pengo la ukingo, unaanguka kama maporomoko, na safari yake inaishia ndani ya Ngorongoro, kwenye Ziwa Magadi. Simama pale penye pengo. Maji hukata ukingo polepole, kwa hiyo ukingo uliokatwa na kulainika umekaa muda mrefu kwenye mvua kuliko ukingo mkali. Hiyo ndiyo saa yako ya kwanza, na haina gharama.

Empakaai iko mbele zaidi, upana wake kilomita 6 hivi, na sehemu kubwa ya sakafu imefunikwa na ziwa lenye kina cha mita 80 hivi. Hewa ikiwa safi, kutoka ukingoni utaiona volkano ya Ol Doinyo Lengai imechongoka kama pia iliyogeuzwa. Ilinganishe na Sadiman, ambayo ni ya zaidi ya miaka milioni 3 na mvua imeichimba mifereji kila upande. Kwa jumla, ukitoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki unatoka kwa wazee kwenda kwa vijana.

Sasa acha milima, fuata majivu. Nakusihi usiruke hatua hii. Mlima huanguka, husombwa, huzama. Majivu hulala tabaka juu ya tabaka na kukaa. Upepo wa huku huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo majivu ya volkano hizi yalikwenda magharibi: Oldupai, Laetoli, mbuga ya Serengeti. Ukishuka kutoka ukingoni kwenda huko, utaona miti inakwisha na nyasi zinakuwa fupi ghafla. Chini ya nyasi hizo kuna gamba gumu jeupe, majivu ya volkano za Kerimasi na Lengai yaliyoshikamana kwa chokaa, na mizizi mirefu haipenyi. Nyasi zenyewe zina madini mengi, ndiyo maana nyumbu huja kuzalia huko.

Njiani, barabara inapokata kilima, jaribu kutofautisha mawe. Lava ni nzito, ngumu, mara nyingi ina vitundu vilivyoachwa na gesi. Majivu yaliyogandamana, wanajiolojia huyaita tufu, ni mepesi na ukiyapitishia kidole yanaacha vumbi. Kisha angalia ukubwa wa chembe: kubwa zilianguka karibu na mlima, laini zilisafiri mbali.

Oldupai, keti kwenye banda la jumba la makumbusho na usome korongo kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa ni lava nyeusi ya karibu miaka milioni 2. Juu yake yako matabaka ya kijivu, mengi yakiwa na majivu ya Olmoti ile uliyoipanda. Juu zaidi kuna tabaka jekundu ambalo huwezi kulikosa. Mwaka 1959 mtafiti Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, katika tabaka la chini, na majivu ndiyo yaliyotoa umri wake, takriban miaka milioni 1.8. Ndani ya majivu kuna potasiamu, ambayo kidogo kidogo hugeuka kuwa gesi ya agoni. Jiwe likiwa moto wa kuyeyuka gesi hutoroka, likipoa hunaswa. Kwa hiyo saa huanza sifuri siku ya mlipuko, na anayepima agoni iliyokusanyika anasoma miaka.

Sio mbali na hapo kuna mchanga unaohama: tuta jeusi lenye umbo la mwezi mchanga, pembe zake zikielekea unakokwenda upepo. Toa sumaku, ivike mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga. Chembe nyeusi zitarukia kama nywele. Hayo ni majivu ya Lengai yenye chuma. Ukimaliza, toa sumaku mfukoni na chembe zote zitadondoka zenyewe. Tuta hili ni takatifu kwa Wamaasai, basi usilikanyage kileleni, na mchanga ubaki pale pale. Vibao vya pembeni vinaonyesha lilipokuwa miaka iliyopita.

Lengai yenyewe lazima niisemee. Lava yake haina mfano mwingine duniani miongoni mwa volkano zilizo hai: ni jamii ya magadi, yale yale tunayolainishia makande. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida, na mchana inatiririka nyeusi kama oili chafu ya gari. Ikipata unyevu wa hewa hubadilika kuwa nyeupe, na wageni hudhani ni theluji. Moja ya madini yake inaitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu. Mwaka 2007 ililipuka kwa nguvu hadi 2008, kwa hiyo usipande bila kiongozi wa kijijini na bila kuuliza hali yake wiki hiyo.

Laetoli, nyayo za jamaa wa kale wa binadamu za miaka milioni 3.66 zilizogunduliwa mwaka 1978 zimefukiwa ili zihifadhiwe, hivyo ulizia nakala yake Oldupai. Majivu yalianguka, mvua ikayalowesha, viumbe wakapita, jua likakausha, majivu mengine yakafunika. Hata alama za matone ya mvua zimo.

Ukitaka kuona nyayo zenyewe kwenye majivu ya Lengai, nenda Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Ziko zaidi ya 400 za watu, za kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la saa sita hufuta vivuli na utaona bamba la kijivu tu. Kama umechelewa, piga magoti pembeni, mwombe mwenzako akukingie jua kwa shuka, ulaze tochi karibu na ardhi na umulike kwa ubavu. Kisigino kitatokea kwanza, halafu vidole, kimoja kimoja.