Pima muda halisi wa maji kwenye tangi la klorini kwa chumvi ya jikoni

Ukigawa ujazo wa tangi kwa mtiririko unapata muda ambao maji yote yangekaa kama yangetembea kwa mstari, ya kwanza yakitoka kwanza. Matangi mengi hayako hivyo. Sehemu ya maji hukata njia moja kwa moja hadi bomba la kutokea, nyingine hutuama pembeni kwa saa nyingi. Vijidudu hupita na hayo yanayowahi kabla klorini haijaviua, kwa hiyo ndiyo tunayoyatafuta.

Tuchukue tangi la mita 4 kwa 2.5, kina mita 1: ujazo 10 m³, mtiririko 10 m³ kwa saa. Muda wa kwenye karatasi ni dakika 60.

1. Andaa mita. Tumia mita ya EC (uwezo wa maji kupitisha umeme, husomwa kwa µS/cm) inayojirekebisha kwa joto. Yeyusha gramu 1 ya chumvi utakayotumia kwenye lita 10 za maji ya tangi hilohilo (100 mg/L), uone EC imepanda kiasi gani. Tarajia karibu 200 µS/cm. Usitegemee namba ya kitabuni, chumvi ya mawe huwa na unyevu.

2. Tuliza mtambo. Mtiririko, kimo cha maji na dozi ya klorini visibadilike hadi mwisho. Pima EC ya maji yanayoingia kabla ya kuanza, kisha kila dakika 15, ili uitoe kwenye vipimo vyako.

3. Mimina. Yeyusha gramu 500 kwenye lita 20 na uyaingize ndani ya bomba la kuingilia, penye msukosuko, kwa muda usiozidi dakika moja. Ukimwaga juu ya tangi, maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, yatazama na kutambaa sakafuni. Utakuwa umepima kuzama kwa chumvi, si mwendo wa maji. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika.

4. Soma kwenye bomba la kutokea. Kila dakika 1 kwa nusu saa ya kwanza, kisha kila dakika 5 hadi saa 3. Usikatishe mapema, mkia ndio unaoonyesha maji yaliyotuama.

5. Kokotoa. Geuza ongezeko la EC kuwa mg/L, zidisha kila kipimo kwa urefu wa kipindi chake, jumlisha. Jumla hiyo mara mtiririko (m³ kwa dakika) irudishe gramu 425 hadi 575. Nje ya hapo, rudia jaribio: ama mtiririko umekosewa, ama chumvi imebaki sakafuni. Kisha tafuta dakika ambayo asilimia 10 ya chumvi imeshatoka. Hiyo ndiyo t10.

Tuseme t10 ni dakika 12, yaani 0.2 ya muda wa karatasi. Tangi lililochanganyika kabisa lingetoa karibu 0.1, lenye kuta nzuri za ndani za kuongoza maji hufika 0.7. Kwa klorini huru (ile iliyobaki kwenye maji ikiwa tayari kuua vijidudu) ya 0.5 mg/L, zidisha klorini kwa dakika: karatasi inakupa 30 mg·dak/L, ilhali tangi linatoa 6. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha 0.5 mg/L kwa dakika 30, pH ikiwa chini ya 8, ni 15.

Kuongeza klorini ni jibu la haraka, ila watu watalalamikia harufu. Afadhali jenga kuta tatu sambamba na upande mrefu, zikiacha mapito manne ya upana wa kama mita 0.6, maji yatasafiri mita 16 hivi. Kuta ziguse sakafu, zipite juu ya uso wa maji, na mwanya wa kugeukia ulingane na upana wa pito. Tumia ferosimenti (saruji yenye wavu wa chuma ndani) au plastiki ngumu, kwani mbao hula klorini. Bomba la kuingilia lisirushe maji kwa kasi, lielekeze ukutani.

Wengine hufunga kichanganyio ndani ya tangi wakidhani wanasaidia. Klorini ikorogwe kwa nguvu pale inapodungwa, kabla ya tangi; ndani ya tangi kukoroga kunapeleka maji mapya mlango wa kutokea.

Kuta zikishakaa, rudia jaribio kwa mtiririko wa juu kabisa wa mtambo.